Potasiamu ya mama haipandi, sasa daktari anataka magnesiamu

Mtoto_wa_Buguruni: Wakuu, habari za jioni. Mama ana shida ya moyo, anatumia Lasix, dawa ya kukojosha, kwa sababu ya miguu kuvimba. Potasiamu ilikutwa chini, 2.8, akaandikiwa vidonge vyake. Anameza, namsimamia mwenyewe, lakini kipimo kipya kimesoma 2.9. Sasa daktari anataka apimwe magnesiamu. Imetokea wapi tena? Au ndiyo bili inanenepeshwa?

Kibuyu: Mpe madafu na ndizi mbivu, vipimo achana navyo.

Nesi_wa_Zamu: Kibuyu, taratibu. Madafu yana potasiamu nyingi; kwa mtu ambaye figo zimechoka yanaweza kusimamisha moyo.

Mtoto wa Buguruni, daktari wako yuko sahihi. Potasiamu inayochujwa na figo, nyingi hurudishwa kwenye damu mapema. Inayotoka na mkojo husukumwa huko mwishoni mwa mirija ya figo, kupitia milango ya seli iitwayo ROMK. Kinachoivuta ni umeme: sodiamu ikiingia kwenye seli, upande wa mkojo hubaki na chaji hasi, potasiamu inaufuata. Lasix inazuia chumvi (yenye hiyo sodiamu) isirudi kwenye damu huko juu ya mirija, hivyo sodiamu tele inafika chini. Mkojo nao unakwenda kasi, na kasi hiyo inafungua milango mingine, BK. Aldosteroni, homoni inayoiamuru figo kubana chumvi na kutoa potasiamu, ikipanda kwa sababu maji yamepungua mwilini, ndiyo kabisa.

Magnesiamu iliyo ndani ya seli ni kizibo cha ROMK. Lasix huimwaga nayo pia. Kizibo kikikosekana, vidonge vya mama vinaishia chooni. Na jibu la damu likiwa zuri msitulie sana, maana magnesiamu ya mwili iliyomo kwenye damu haifiki hata asilimia 1.

Mtoto_wa_Buguruni: Asante dada. Ila figo haioni kwamba potasiamu imeshuka, ikabana?

Nesi_wa_Zamu: Inaona. Kabla ya hiyo milango kuna seli zinazoipima damu kwa mlango mwingine, Kir4.1. Potasiamu ikishuka, kloraidi ndani ya seli hizo inapungua, vimeng'enya vya WNK vinaamka, chumvi inafyonzwa hapo hapo ili isifike chini kuivuta potasiamu. Kwa mama, chumvi inayoporomoshwa na Lasix inazizidi nguvu seli hizo.

Anatumia omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni? Ikitumika muda mrefu nayo hushusha magnesiamu.

Mtoto_wa_Buguruni: Kila siku, toka mwaka juzi. Tunanunua tu duka la dawa, daktari hata hajui.

Nesi_wa_Zamu: Kesho nenda na hilo boksi.