Mdogo wangu ameitiwa kazi ya kufanyia nyumbani kwa barua pepe, anadaiwa 48,000 kabla ya kuanza. Nimwonyeshe nini aelewe?

Dada_wa_Mbagala

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada wa haraka, muda tuliopewa unaisha kesho saa nne asubuhi.

Mdogo wangu wa kiume alimaliza diploma ya uhasibu mwaka juzi. Tangu hapo anazunguka na bahasha ya kaki, Posta mpaka Barabara ya Pugu. Juzi usiku kaingia barua pepe ya Kiingereza inayompongeza kwamba amechaguliwa. Kazi ni kuandika upya kwenye kompyuta maandishi yaliyo kwenye picha, akiwa nyumbani, saa tatu kwa siku, mshahara dola 1,800 kwa mwezi. Hiyo kazi hakuiomba. Anasema labda walipata CV yake kwenye tovuti za ajira alikojiandikisha. Kuna na mkataba wa kurasa nne wenye nembo ya kampuni ya Marekani, muhuri na sahihi. Wametaka picha ya kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, ameshatuma kabla hajaniambia, na shilingi 48,000 "ya kufungulia akaunti ya kazi", itumwe kwa simu.

Moyo wangu umekataa. Yeye anaona namzibia riziki. Mama anauza vitumbua hapa Rangi Tatu, hizo hela keshazitenga kwenye kopo la maziwa. Nikisema tu "hao matapeli" hanisikii, ananiambia nimezoea kukatisha watu tamaa. Nataka vitu vya kumwonyesha akaviona kwa macho yake.

Kijana_Temeke

Dada, mwajiri ndiye anayemlipa mfanyakazi. Msitoe hata mia.

Mzee_wa_Stesheni

Dada, nina duka la stesheni, la kuchapa na kuskani, Tandika, huu mwaka wa kumi na moja. Barua za namna hiyo zinapita mikononi mwangu karibu kila wiki, maana vijana huniletea nichape, wasaini, niskani niwarudishie. Kuna wiki walikuja watatu ndani ya siku tano. Mmoja kampuni yake ya Marekani, mwingine Kanada, mwingine Uingereza. Nikazilaza kaunta sambamba. Namba ya kumbukumbu ilikuwa moja kwa zote tatu, na kosa la herufi kwenye aya ya tatu lilelile. Kilichobadilika ni nembo. Yule wa tatu alikuwa ameshalipa, nilikosa cha kumwambia.

Muhuri mkauangalie kwa kuukuza. Muhuri wa kugonga kwa mkono wino wake haulingani, upande mmoja umekolea, mwingine umefifia, na maandishi ya chini yanaonekana. Huu wa kwenye barua zao ni picha iliyobandikwa. Utaona kimraba cheupe kimeuzunguka na kimekula kipande cha mstari wa sahihi, na mara nyingi umevutwa mpaka duara limekuwa kama yai.

Sasa barua yenyewe. Aifungue kwenye simu, aguse kishale kidogo chini ya jina la mtumaji. Jina la juu mtu anajiandikia lolote apendalo, kwa hiyo asome anwani. Maneno yanayofuata alama ya @ ndiyo yanayotaja barua inadai kutoka wapi. Kama kampuni tovuti yake ni jinalake.com, basi jinalake-ajira.com ni ya mtu mwingine kabisa, hicho kistari kinatosha, na kusajili jina la namna hiyo si gharama kubwa. Kisha atazame sehemu ya "jibu kwa". Hapo ndipo nilipowaokoa wengi: barua inaonekana imetoka kwenye kampuni, lakini majibu yanapelekwa kwenye anwani ya bure ya Gmail au Outlook. Na kwenye "kwenda kwa", kama anwani yake haipo, ajue huenda ametumiwa pamoja na watu wengi waliofichwa.

Jina la tovuti nalo lina tarehe liliposajiliwa. Kuna huduma ya WHOIS, ni bure, unaandika jina la tovuti inakuonyesha. Niliwahi kukuta kampuni iliyojisifu ipo tangu 1998, tovuti ina wiki tatu.

Hizo hela je? Aingize namba waliyompa kama anayetaka kutuma, asome jina linalotokea, halafu aghairi kabla ya kuweka namba ya siri. Ajiulize mwenyewe kwa nini kampuni ya Marekani inapokea ada kwa laini ya mtu binafsi.

Mama_Rayyan

Mimi yalinikuta 2023, mdogo wako asome hapa. Nililipa 30,000 ya usajili. Baada ya siku mbili 60,000 ya programu ya kufanyia kazi. Halafu 45,000 ya kuhakiki akaunti. Jumla 135,000, ilikuwa ada ya mtoto. Unalipa ya pili kwa kuogopa kuipoteza ya kwanza, ndivyo wanavyokushika.

Kisha wakasema kazi imeanza: nipokee fedha kwenye laini yangu, nibaki na asilimia kumi, zilizobaki nizitume kwa namba watakazonipa. Shemeji yangu ndiye aliyenizuia. Zile huenda ni hela za wenzangu walioibiwa, na jina litakaloonekana ni langu. Sheria ya kuzuia fedha haramu ya 2006 haikuulizi kama ulikuwa na shida ya kazi. Dada, wakimletea hilo, hata kwa upole namna gani, akatae.

Kwa kuwa NIDA ameshatuma, apige *106# aone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiona asiyoijua aende duka la mtandao huo ikafutwe. Ujumbe wa simu wa kitapeli unapelekwa 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Polisi pia aende akachukue RB, namba ya taarifa aliyoandikisha kituoni, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Hela zangu hazikurudi, ila RB ninayo.

Mtafsiri_Tabata

Asikate tamaa na kazi za nyumbani zote, zipo. Mimi natafsiri kwa mteja wa nje mwaka wa nne. Nilifanyishwa mtihani, tukaongea kwa video, nikatuma kazi ndogo nikalipwa, ndipo kubwa zikaja. Anayenilipa hukata chake kwenye malipo yangu, hajawahi kuniomba nitangulize. Na dola 1,800 kwa kunakili maandishi, kazi ambayo kompyuta inafanya kwa sekunde, mimi sijaiona.

Dada_wa_Mbagala

Shikamoo Mzee wa Stesheni, na asanteni wote. Tumekaa naye chumbani tukafungua simu pamoja. Majibu yanaenda Gmail, kama ulivyosema. Muhuri una kimraba cheupe. Alikuwa bado anabisha, nikamwomba awaandikie kwamba wakate hiyo 48,000 kwenye mshahara wa kwanza. Jibu limekuja ndani ya dakika sita, saa tano usiku: basi alipe 20,000 leo, nyingine kesho. Amelisoma mara mbili, akaniachia simu, akatoka nje.

Laini kwenye *106# ni mbili na zote zake. Asubuhi tunakwenda kituoni kuhusu kitambulisho, barua yote tumeihifadhi. Mama nimemwambia taratibu. Kalifungua kopo, kahesabu, keshamtuma mtoto unga wa mchele wa vitumbua vya kesho.