Nguo za marehemu na lile sanduku la kona

Mama Zuhura: Jamani, wenye lile sanduku jeupe la nguo pale kona wamebandika tangazo. Jumamosi watapita nyumba kwa nyumba kukusanya nguo za "watoto wenye shida wa eneo letu." Nani ana za kutoa?

Bi Sauda: Mimi ninazo. Za marehemu mzee. Mwaka mzima zimo kabatini, sasa ndiyo nimepata moyo. Makoti mawili, mashati, na viatu vyake vya kutokea.

Baba Imani: Pole sana Bi Sauda, na Mungu akulipe.

Hamisi: Shikamoo Bi Sauda. Nakuomba usizitoe kwanza. Mama Zuhura, tangazo lina jina la shirika?

Mama Zuhura: Picha ya mtoto kubwa, namba ya simu, na jina limeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa. Namba ya usajili sioni.

Baba Imani: Hamisi, nguo zenyewe kuukuu. Hata akizichukua nani, si zitavaliwa tu?

Hamisi: Kaka, nimechambua nguo za aina hiyo ghalani miaka miwili, acha nieleze. Masanduku yalibandikwa jina la shirika la hisani, lakini masanduku yenyewe, malori na ghala vilikuwa vya mfanyabiashara. Shirika lililipwa kiasi maalumu kwa kuazimwa jina, basi. Nguo zilipimwa kwa kilo. Nzuri zikafungwa marobota na kupakiwa melini. Zilizochanika zikakatwa matambara ya kufutia mashine, nyingine zikasagwa za kujazia magodoro. Zilizolowa ziliota ukungu zikaharibu gunia zima, hizo tukazitupa. Miaka yote miwili sikuona hata shati moja likirudi kwenye mtaa lilikotoka.

Bi Sauda: Marahaba mwanangu. Umenishtua.

Dada Pili: Niongeze upande wa pili, maana najitolea kwenye duka la hisani. Kuuza si kosa. Tunaletewa nguo nyingi kuliko wanaozihitaji, tunaziuza, na fedha hizo zinalipa nauli za wagonjwa na kodi za nyumba za akina mama waliofukuzwa kwa madeni. Mama kama huyo ukimpa koti la tatu hujamsaidia. Kosa ni kumwambia Bi Sauda mtoto wa jirani atavaa, kumbe robota liko baharini.

Hamisi: Hapo tuko pamoja. Na huko linakofika si kwamba kila kitu kinavaliwa. Nguo zilizoingia Chile kupitia Iquique zikakosa mnunuzi zimetupwa jangwani Atacama, marundo kama vilima. Kantamanto, lile soko la Accra, mchuuzi hununua robota likiwa limefungwa. Akifungua akakuta zimechakaa, hasara ni yake.

Mwalimu Rehema: Sasa mtu wa kawaida atajuaje? Si wote tumefanya kazi ghalani.

Dada Pili: Anza na jina kamili la kisheria, maana la kwenye sanduku linaweza kuwa la biashara tu. Kisha litafute kwa msajili. England na Wales daftari la Charity Commission liko wazi mtandaoni, unaona wadhamini na hesabu za fedha. Marekani mashirika mengi hujaza fomu 990, yaani taarifa ya mapato na matumizi yao, kila mwaka, na yeyote ana haki ya kuiona. Makanisa huko hayalazimiki kuijaza, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake si ushahidi wa wizi. Kwingine inabidi uende ofisini au upige simu. Ukizipata hesabu, tazama nguo ziliingiza kiasi gani na kazi yenyewe ilipata kiasi gani. Ila msikimbilie kulaani gharama za utawala! Shirika dogo linalolipa dereva na mhasibu litaonekana ghali. Mimi namwogopa zaidi asiye na mhasibu.

Hamisi: Na usajili unathibitisha kwamba wapo, hauthibitishi kwamba wanasaidia hapa. Mimi ningewauliza hivi: mwezi uliopita mlipeleka nguo wapi katika eneo hili, na nani alizipokea? Halafu nampigia huyo mpokeaji.

Mama Zuhura: Ngoja nipige.

Mama Zuhura: Nimerudi. Aliyepokea ni mpole, anasema zinakwenda kwa wahitaji. Nilipombana akataja kituo cha watoto cha hapa hapa. Nikampigia mlezi wa kituo. Hawajui kabisa! Hajapokea kitu kutoka kwao hata siku moja. Tena anasema magauni na fulana za watoto zimejaa stoo, wanachokosa ni chupi mpya, soksi na viatu vya shule.

Baba Imani: Lo. Nilishafunga magunia mawili. Nayafungua. Hamisi, nisamehe.

Mwalimu Rehema: Nilibandue tangazo lao?

Dada Pili: Hapana Mwalimu, na tusianze kuwaita wezi kwenye vikundi vingine. Huenda aliyepokea simu hajui kitu. Tuwaandikie, tuombe jina la kisheria, namba ya usajili na orodha ya waliopokea. Wasipojibu kabla ya Jumamosi, tunampelekea msajili barua pamoja na picha ya tangazo.

Mwalimu Rehema: Naandika mimi leo jioni.

Mama Zuhura: Na mimi nanunua soksi.

Bi Sauda: Wanangu, na makoti ya mzee je?

Dada Pili: Bi Sauda, kuna nyumba inayolaza wanaume wasio na makazi. Nimewauliza sasa hivi. Nguo za kike wanaletewa hadi wanazigawa kwingine, za wanaume zinawapungukia, makoti hasa. Ukipenda nitakupeleka, ukabidhi kwa mkono wako.

Bi Sauda: Nitakwenda. Lakini mzee alikuwa mrefu sana, mikono ya makoti yale ni mirefu. Waulize kama wanaye mtu mrefu.