Utetezi wa Alekhine: Mweupe alipotea wapi?

FarasiF6: Wakuu, mchezo wa sataranji wa klabu, Utetezi wa Alekhine (Mweusi hujibu e4 kwa Nf6), Mweusi kashinda (N ni farasi, B askofu, Q malkia, bila herufi ni kitunda; x ni kula, + ni kumshambulia mfalme): 1.e4 Nf6 2.e5 Nd5 3.d4 d6 4.c4 Nb6 5.f4 dxe5 6.fxe5 Nc6 7.Nf3 Bg4 8.Be3 Bxf3 9.Qxf3 Nxd4 10.Qxb7 Nc2+. Kosa ni hatua ya 10, au mapema zaidi?

Kitunda_d4: Ya 10 ndiyo iliyomaliza kazi: baada ya Nc2+ ngome ya a1 haina pa kukimbilia. Angecheza 10.Bxd4 Qxd4, hasara ingebaki kitunda kimoja. Lakini chanzo ni 7.Nf3. Farasi huyo ndiye mlinzi wa d4, na Bg4 inambana papo hapo. Kwanza 7.Be3, halafu Nc3, ndipo Nf3.

FarasiF6: Na 9.gxf3 je?

Kitunda_d4: Qh4+ 10.Bf2 Qf4, e5 iko mashakani, na mfalme hana pa kujificha. Si raha.

MstariMrefu: Mweusi naye asibweteke. Dhidi ya 7.Be3 Bf5 8.Nc3 e6 9.Nf3 Be7 10.d5 exd5 11.cxd5 Nb4 12.Nd4, askofu arudi d7. Wengi hukimbilia g6, wakapigwa Bb5+ na kupoteza haki ya kujifungia ngomeni (castling: mfalme na ngome kusogea pamoja kwa hatua moja). Utetezi huu, tangu Alexander Alekhine, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, autumie Budapest 1921, unamwita Mweupe asogeze vitunda vingi. Ukichelewa kuvishambulia, vinakusonga mwenyewe.