Mama ana kisukari, zahanati wamempa orodha ya "acha hiki, acha kile". Sasa ale nini?

Mwana wa Turiani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Naomba mawazo yenu kuhusu mama yangu mzazi. Ana miaka 67, anaishi kijijini, Mvomero. Mwezi wa nne alipimwa sukari zahanati kabla hajala, ikasoma 11.8. Presha nayo ikakutwa juu. Ameanzishiwa vidonge vya sukari, metfomini na glibenklamaidi, pamoja na kidonge cha presha.

Kuhusu chakula alielezwa akiwa amesimama mlangoni, maana foleni ilikuwa ndefu: aache wali, sembe, sukari, viazi, ndizi, mafuta na nyama nyekundu. Ale dona na mboga za majani. Basi.

Mama ni mtu wa kufuata maagizo. Asubuhi anameza vidonge kwa chai ya rangi isiyo na sukari, anashika jembe anakwenda shamba. Akirudi saa nane ndipo anakula dona, bonge kubwa kwelikweli kwa sababu dona ameruhusiwa, na mlenda. Usiku mara nyingi halali na kitu tumboni. Amepungua hadi magauni yanampwaya. Mdogo wangu anayekaa naye anasema ikifika saa nne, saa tano asubuhi anatetemeka, jasho jembamba linamtoka, anakuwa mkali bila sababu. Akishakula anatulia. Majirani wanasema hiyo ni dawa inapigana na ugonjwa.

Mimi niko Dar. Kuna duka wananiuzia "unga maalumu wa wagonjwa wa kisukari" kwa bei mara nne ya unga wa kawaida. Nimnunulie? Na kwa mtu wa kijijini, ale nini hasa?

Kilimo Uti wa Mgongo

Pole sana mkuu. Mtafutie unga wa mlonge achanganye na mdalasini, anywe kutwa mara mbili. Mama yangu mkubwa alitumia akaachana kabisa na vidonge.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, habari ya unga tuiweke kando kwanza. Hilo la kutetemeka na jasho saa nne asubuhi ndilo la haraka. Hiyo ni sukari kushuka. Dawa haipigani na ugonjwa hapo, inamshusha mama yako.

Glibenklamaidi inaisukuma kongosho itoe insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, uwe umekula au hujala. Mama anaimeza tumbo tupu, halafu analima. Sukari itakwenda wapi kama si chini? Na dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mtu mzima ambaye figo zake zimeanza kuchoka. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya dawa muhimu, limeandika wazi kwamba glibenklamaidi haifai kwa mwenye umri unaozidi miaka 60. Ipo nyingine ya kundi hilohilo, gliklazaidi, ambayo ndiyo wanayoipendekeza.

Fanya hivi. Mpigie mdogo wako leo. Dalili zikija, wampime sukari kama kuna mashine. Kama haipo wasisubiri: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Baada ya robo saa kama bado anatetemeka, warudie. Akitulia ale chakula kabisa, asiishie kwenye maji ya sukari. Akipoteza fahamu wasimwekee kitu mdomoni, wamkimbize kituoni.

Kesho aende kituo cha afya na vidonge vyake vyote mkononi, awaambie ratiba yake ya kula kama ulivyotueleza sisi. Hadi amwone tabibu, asimeze glibenklamaidi kabla hajala. Metfomini na ya presha asiziache kwa uamuzi wake.

Na ndugu wa mlonge hapo juu: majani ya mlonge ni mboga nzuri, apike ale. Kumwambia mgonjwa usiyemjua aache vidonge kwa ajili yake, hapana.

Mwana wa Turiani

Mama Nesi, asante sana, nimesisimka mwili. Nimeshapiga simu. Watamwamsha alfajiri ale kwanza, kisha bodaboda impeleke kituo cha afya.

Dada wa Pangani

Pole kaka. Mume wangu ana kisukari mwaka wa saba huu, kwa hiyo nasema ninachokipika.

Unga maalumu usinunue. Hela hiyo nunua maharage, dagaa na mayai. Nimekutana na unga wa namna hiyo, ukisoma pakiti ni mahindi, ulezi, soya na mtama, vitu ambavyo mama anavyo kijijini. Ukishasagwa laini ukapikwa uji, sukari inapanda kama uji mwingine wowote.

Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu lina pumba na kiini, kwa hiyo lina nyuzinyuzi na vitamini zaidi. Lakini wanga ni uleule. Bonge la dona linapandisha sukari kuliko kipande kidogo cha sembe chenye maharage na mchicha mwingi pembeni. Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapopotezwa: wanapewa jina la chakula, hawapewi kiasi. Mume wangu naye mwanzoni alikuwa anakula dona sahani nzima na sukari haishuki, tunabaki kulaumu dawa.

Sisi tunapima kwa sahani. Nusu ni mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, bilinganya, chochote kilichopo bustanini. Robo ni samaki, dagaa, yai, au maharage na kunde. Robo iliyobaki ndiyo ugali, kama ngumi yake mwenyewe. Wali pia anakula, robo hiyohiyo. Muhogo, kiazi kitamu au ndizi ya kupika, vivyo hivyo. Akila muhogo basi ugali haupo kwenye sahani hiyo. Mafuta hajakatazwa, ni kijiko kwenye mboga badala ya kumimina. Tunda ale zima, chungwa moja au kipande cha papai. Juisi hapana, hata ya kukamua nyumbani. Na asidanganywe na asali au sukari guru, zote ni sukari.

Kubwa zaidi ni saa. Asubuhi ale kabla ya jembe: kipande cha kiazi cha kuchemsha na yai, au kiporo cha maharage na ugali kidogo. Achukue kitu cha kula shambani, hata karanga za kuchemsha. Na usiku asilale njaa.

Chuma cha Pua

Mnamchanganya mgonjwa. Aache wanga wote, amalize. Mimi nilikata ugali, wali, mkate, kila kitu, sukari ikarudi 5 na kilo zikapungua.

Nesi Mstaafu

Chuma cha Pua, nafurahi kwa afya yako. Wewe ulikuwa na kilo za kupunguza. Huyu mama ana miaka 67, anakonda, analima, na yuko kwenye dawa inayoshusha sukari. Ukimkatia wanga leo bila dawa kurekebishwa tutamzika. Kwanza dawa, halafu sahani.

Tabibu wa Kata

Nafanya kazi kituo cha afya vijijini, ngoja niseme upande wetu. Ushauri wa lishe wa kweli unahitaji kukaa na mtu: anapika nini, nani anapika, anakula saa ngapi, ana hela ya nini. Ukiwa na watoto wenye homa wamejaa nje unatamka orodha ya makatazo na kuita mwingine. Hilo halimsaidii mgonjwa, na mimi naumia nikiona. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta watu 9.1 katika kila 100 wa miaka 25 hadi 64 na kisukari, na karibu 26 na presha. Magonjwa haya yako kwenye zahanati zetu kila siku, na maelezo ya chakula ni tiba kama kidonge kilivyo. Yanatakiwa yapewe muda wake.

Mkuu, mambo matatu. La kwanza, kila halmashauri ina afisa lishe. Muulizeni tabibu wa kituo ni siku gani anapita, au aandike rufaa ya kliniki ya kisukari hospitali ya wilaya, ambako kwa kawaida wanakaa na wagonjwa kuwafundisha. La pili, mdogo wako aandike kwenye daftari vyakula vya mama vya siku chache, saa na kiasi, pamoja na saa anazomeza dawa. Daftari hilo linampa mhudumu picha ambayo mgonjwa akiulizwa tu "unakula vizuri?" haipatikani. La tatu ni huko kukonda. Inaweza kuwa njaa, inaweza kuwa sukari bado iko juu nyakati nyingine. Lakini mwenye kisukari hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, kwa hiyo aombe apimwe makohozi hata kama hakohoi sana. Kipimo na dawa zake ni bure. Wampime na uzito kila anapokwenda, uandikwe.

Mwana wa Turiani

Mrejesho wakuu. Alipofika kituo cha afya, akiwa njiani ameanza kutetemeka licha ya kula kidogo alfajiri, walimpima ikasoma 3.1. Walimpa glukosi palepale. Glibenklamaidi imesimamishwa, amebaki na metfomini, atapimwa tena wiki ijayo kabla ya kuamua dawa nyingine. Makohozi wamechukua, tunasubiri majibu. Afisa lishe anapita hapo Alhamisi, mdogo wangu ameshaanza daftari.

Unga sijanunua. Nimetuma hela ya mashine ya kupimia sukari, na ya dagaa na maharage.

Swali moja limebaki. Tabibu aliuliza mlenda wake anaupika na nini. Mama akasema magadi, kama siku zote. Akaambiwa aache kwa sababu ya presha. Mama analalamika kwamba mlenda bila magadi hauvutiki.

Dada wa Pangani

Ni kweli aache. Magadi yana sodiamu kama chumvi, na mpishi huwa hayahesabu. Anaweza kuwa anajitahidi kubaki chini ya kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku, huku magadi yanamjazia kwa upande wa pili. Wasiweke pia kwenye maharage, wayaloweke usiku kucha yatalainika. Samaki wa chumvi naye amwepuke, na dagaa wakiwa na chumvi waoshwe kwa maji ya moto.

Mlenda aongeze bamia changa, azikatekate ndogo sana, asifunike sufuria, na moto uwe mdogo. Akoroge kwa mwiko kwa kupekecha. Nyanya aweke mwishoni, ikitangulia inakata utelezi. Mbegu za maboga zilizosagwa kijiko kimoja zinaupa uzito. Utavutika.