Mrejesho: usomaji wa waandishi chipukizi, Eastlands, Nairobi

Niliwauliza jinsi ya kuwafanya chipukizi wanaosoma kazi zao jukwaani wabaki na kufahamiana, maana kila mmoja alikuwa akisoma, anapigiwa makofi, anakimbilia matatu. Asanteni sana kwa majibu.

Tuliacha ile baa ya mjini ambako muziki ulitufunika, tukaomba nafasi Maktaba ya Kaloleni, tawi la Maktaba ya McMillan, ile ya katikati ya jiji iliyofunguliwa mwaka 1931. Sasa tunasoma Jumamosi mchana, na wa Makadara na Jericho wanakuja kwa miguu. Nauli ilikuwa kikwazo kikubwa kuliko nilivyodhani.

Ushauri uliofanya kazi kuliko wote: dakika 5 kwa kila msomaji, kisha mtu mmoja kwenye hadhira anarudia mstari uliomgusa. Binti mmoja alisoma shairi kuhusu mama yake anayeuza mitumba soko la Gikomba, karatasi ikimtetemeka mkononi. Alipomaliza, mzee aliyekuja kusoma gazeti tu alisimama akaurudia mstari wake neno kwa neno. Wakakaa pamoja wakizungumzia Gikomba ya zamani hadi tukaambiwa tufunge. Binti sasa ndiye anayeandika orodha ya wasomaji.

Sheng, Kiswahili, Kidholuo, zote ruksa. Chai tunachangia.

Waigizaji bado wanapata shida, kwa sababu ukumbi ni mdogo na kuna watu wanaosoma kimya. Tunazungumza na wasimamizi kuhusu kutumia uwanja wa nje. Mwenye spika ya kuazima aniambie, tafadhali.