Tupeane uzoefu: bendi changa ya rock kwenye ukumbi mdogo wa mtaani, mitambo ifungweje?

Wakuu, bendi chipukizi za rock hapa Nairobi huanzia kumbi za watu mia hivi: jukwaa finyu, spika mbili, miksa ya chaneli 12. Lalamiko ni lile lile, maneno ya mwimbaji hayasikiki. Wajuzi mwageni ujuzi. Za "siku ile mimi" tuziache, leteni vipimo.

Fundi sauti
Dramu haina kitufe cha kupunguza, kwa hiyo ndiyo inayopanga kiwango cha ukumbi mzima. Chumba kidogo hivyo inakijaza yenyewe. Maiki weka kwenye dramu kubwa ya mguu tu, tena ukiona lazima. Gitaa lifuate dramu, mwimbaji awe juu ya wote.

Ampu ya gitaa ya valvu ya wati 15 au 20 inatosha sana. Iinamishe kidogo kwa nyuma au ipandishe kwenye kiti, ielekee masikio ya mpigaji. Ikikaa sakafuni sauti inaishia magotini mwake, hajisikii, anaongeza, na waliokaa mbele ndio wanaoumia.

Maiki kupiga mluzi (feedback): spika kuu zitangulie mbele ya maiki zote. Monita, yaani spika ya jukwaani ya mwimbaji kujisikia, inategemea maiki. Maiki ya Shure SM58 haisikii vizuri kwa nyuma, basi monita ikae nyuma yake moja kwa moja. Beta 58A ni tofauti, nyuma kabisa inasikia kiasi. Monita zisogee pembeni, kama nyuzi 120 kutoka mbele ya maiki. Na mwimbaji asifumbate kichwa cha maiki kama wanarap! Akiziba matundu ya nyuma inaanza kunasa pande zote, inalia papo hapo, lawama kwa fundi.

Mpiga dramu
Bendi tatu usiku mmoja, seti moja ya dramu. Kila mpigaji aje na sneya (dramu ndogo yenye nyaya chini), matoazi, pedali na kiti chake. Zulia la mita 2 kwa 2 ni lazima, la sivyo dramu ya mguu inatembea. Miguu ya stendi iwekewe alama za tepu. Bendi ya mwisho ijaribu sauti kwanza, ya kufungua ijaribu mwisho, ili vyombo vyake vibaki tayari.

Fundi umeme
Soketi ya ampea 13 kwa volti 240 ni wati 3,100 hivi, si zaidi. Taa zipate laini yake. Dima (vipunguza mwanga) zinaingiza mvumo kwenye gitaa. Ekstensheni ya kuviringa ifunguliwe yote, ikibaki imejikunja inachemka mpaka plastiki iyeyuke.

Besi ikivuma, tumia swichi ya kutenga athi (waya wa ardhini) kwenye kisanduku cha DI, kile kinachounganisha besi na miksa. Kukata waya wa athi kwenye plagi ni kutafuta maiti: gitaa mkononi, mdomo kwenye maiki, umeme unapita hapo.

Swali
Kwenye majaribio sauti ilikuwa safi, watu wakaingia ikawa butu. Kwa nini?

Fundi sauti
Miili na nguo hunyonya sauti kali. Pandisha spika mpaka honi (sehemu zinazotoa sauti kali) zipite vichwa vya waliosimama, mita 2 au zaidi, kisha ongeza trebo ya mwimbaji kidogo kidogo. Ukiirekebisha ukumbi ukiwa mtupu, utairudia upya wimbo wa kwanza.