Mrejesho: ile filamu fupi ya mjane na jeneza

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliwauliza nitachekeshaje watu kwenye sini ya msiba ya filamu yangu fupi bila kuua huzuni yenyewe, mkaniambia mwigizaji asioneshe kabisa kwamba anachekesha. Basi mjane kainama jenezani anamgombeza marehemu kwa kuondoka na paswedi ya simu, siriasi kabisa, tukamwacha kwenye shoti moja ndefu hamna kukata hamna muziki, maana ukikata haraka pale ni kama unamwambia mtazamaji haya cheka sasa. Waliojaribu kuitazama walicheka wenyewe, halafu mjane anamfunga marehemu kifungo cha shati kilichoachia na hapo kila mtu akanyamaza. Ule muziki wa huzuni nimeutupa. Kilichobaki kurekebisha ni sauti, mlio wa feni umeingia kwenye maiki, inaboa balaa.